Mjamzito Unasafiri Nje? Hesabu na Wiki za Kurudi
Wengi huhesabu wiki za kwenda tu, za kurudi wanasahau. Ukitoka Dar na mimba ya wiki 30 ukakae Dubai miezi miwili, kurudi ni shida: mashirika mengi ya ndege hayapakii mimba iliyopita wiki 36, ya mapacha 32. Kuanzia wiki 28 hivi wengi wanadai barua ya daktari. Ibebe mkononi pamoja na kadi ya kliniki, usiiweke kwenye begi la mizigo.

Ndani ya ndege funga mkanda chini ya tumbo, kunywa maji, na inuka utembee mara kwa mara, maana ujauzito huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Chanjo ya homa ya manjano? Muulize daktari kwanza, usichomwe tu.