Majina ya Makundi ya Damu

Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa damu ya watu 22. Alichanganya chembe nyekundu za mtu mmoja na maji ya damu ya mwingine, akaona nyingine hushikamana madonge na nyingine hubaki kama zilivyo. Sababu ni antijeni, yaani alama zilizo juu ya chembe hizo: mwili huvumilia alama zake wenyewe, na huwa na kingamwili za kuzishambulia zile usizokuwa nazo. Makundi aliyoyapata aliyaita A, B na C. La nne, lenye alama zote mbili, lilionekana mwaka 1902.

Fujo ya majina ilianza baadaye. Jan Janský wa Prague, mganga wa wagonjwa wa akili aliyetafuta uhusiano wa damu na wazimu asiuone, aliyahesabu makundi mwaka 1907 kwa tarakimu za Kirumi, I hadi IV. Mwaka 1910 William Moss wa Baltimore, asiyekuwa na habari ya kazi ile, akafanya vivyo hivyo. II na III zao zililingana, bali I ya Janský ilikuwa IV ya Moss, na IV yake ilikuwa I. Basi damu iwezayo kupewa karibu kila mtu ilibadilishana jina na ile isiyofaa ila kwa wenye kundi lake! Daktari aliyeomba I kwa hesabu ya Janský, akaletewa I ya Moss, angeweza kumwua mgonjwa wake. Mwaka 1921 vyama vya wataalamu wa Marekani vilimpendekeza Janský kwa kuwa ametangulia. Hospitali nyingi zilizomzoea Moss hazikubadili.

Zilizoshinda ni herufi. Von Dungern na Hirszfeld wa Heidelberg walikuwa wamekwisha kuzitumia katika utafiti wao wa urithi wa damu, na C ikawa O.

Hiyo O nayo ina kasoro. Wajerumani huisoma sifuri, kana kwamba hamna kitu. Kumbe chembe zake zina alama ya H, ambayo ndiyo msingi wa kujengea A na B. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay walieleza habari za watu wachache wasio na H kabisa. Kwa vipimo vya kawaida damu yao huonekana kuwa O, lakini kingamwili zao huishambulia H, hata damu ya O yenyewe ni hatari kwao, nao hawana budi kupewa ya wenzao wa namna hiyo tu.