Reli Iliyotoka Voi

Makaburi ya vita ya Voi si makubwa. Mawe yamepangwa safu, kila moja na jina lake. Mojawapo ni la Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikosi chake cha wapanda farasi kiliviziwa na Wajerumani. Alipigwa risasi ya mguu, wenzake wakambeba waondoke naye. Alipoona majeruhi wengine hawana wa kuwabeba, aliamuru aachwe pamoja nao, huenda akaweza kuwalinda. Hakupona. Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, alitunukiwa akiwa tayari ardhini.

Mtu wa Melbourne alifuata nini Maktau? Alifuata reli. Reli ya Uganda ilipita Voi ikielekea Nairobi, na mpaka wa koloni la Wajerumani ulikuwa safari ya kilomita zipatazo 110 tu kutoka hapo. Tarehe 15 Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vikiwa havijamaliza hata mwezi, Wajerumani waliuteka mji wa Taveta. Kutoka huko vikundi vyao vidogo vilikata nyika, vikategesha baruti chini ya reli, treni zikapinduka. Nyika ile haina maji, na aliyeweza kubeba maji ndiye aliyeweza kupigana.

Waingereza nao wakajibu reli kwa reli. Mwezi Februari 1915 walianza kutandika tawi jipya kutoka Voi kwenda magharibi, kupitia Mwatate na Bura, na kufikia Juni lilikuwa Maktau. Maji yalivutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Kambi za Maktau na Mbuyuni zikajaa watu wa kila rangi: Wahindi, Waafrika Kusini, askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles), na hata mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa zaidi ya miaka 60 aliyejiunga na jeshi wakati wenzake wa rika lake wanaota jua barazani.

Kilima cha Salaita, kati ya Mbuyuni na Taveta, ukikiona leo huwezi kuamini kilivyowatoa watu jasho. Ni kijilima tu. Lakini tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini wageni wa vita vya porini walikishambulia, wakakuta Wajerumani hawapo kileleni walikodhaniwa bali wamejichimbia chini, vichakani. Walirudi nyuma mbiombio, na waliowafunika wasimalizwe ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao baadhi ya Waafrika Kusini wale walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, aliizunguka Salaita, Wajerumani wakaihama, na baada ya mapigano ya usiku kwenye vilima vya Latema na Reata njia ikafunguka. Reli ikafuata nyuma ya jeshi, ikavuka mpaka hadi Kahe, ikaunganishwa na njia ya Tanga na Moshi.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa kwa watalii. Ya Kasigau husimuliwa kwa nadra zaidi. Mlima huo umesimama peke yake kusini ya Voi, na mwaka 1915 ulikuwa njia ya Wajerumani waliokuwa wakiifuata reli. Waingereza waliamua kwamba wenyeji wa Kasigau ndio waliowaongoza adui. Nyumba zao zilichomwa, na watu wote, wazee kwa watoto, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu waliozoea baridi ya mlimani walitupwa pwani penye malaria, wakafa kwa wingi. Waliosalia hawakurudi Kasigau hadi mwaka 1936. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha miaka 18 kabla yake! Adhabu gani hiyo inayoishi kuliko vita vyenyewe?

Na wapo wapagazi. Jeshi lilipopita mwisho wa reli, mizigo ilipanda vichwani. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao, ndiyo iliyozaa jina Kariakoo la Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Upande wa Waingereza pekee, wanahistoria wanakadiria wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Baada ya vita, reli ya jeshi ikawa ya biashara. Kahawa ya Moshi, ambayo kwa ramani ilistahili kwenda Tanga, ilianza kupitia Voi na kuishia bandari ya Mombasa. Kando ya reli yakatanda mashamba ya mkonge, Voi, Mwatate hadi Taveta, ambako mlowezi Ewart Grogan alijijengea jumba juu ya kilima kama sultani.

Mkonge ni kazi ya kukomaza mikono. Mkataji huanza na mwiba wa ncha, asije akatobolewa jicho, kisha hukata majani ya chini na kuyafunga vitita. Utomvu wake unawasha. Katika kila kilo 100 za majani, kiwandani hutoka kilo 4 hivi za nyuzi. Zilizobaki ni maji na makapi.

Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyoufanya mmea huo uwe dhahabu. Mwaka 1942 Wajapani walitwaa Ufilipino na Java, ambako Marekani na Uingereza zilikuwa zikipata nyuzi za kamba. Meli za kivita haziendi bila kamba, na mkulima wa Kansas hafungi mavuno yake bila uzi. Macho yote yakageukia Afrika Mashariki. Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilipitisha kanuni za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi kwenye mashamba yaliyohesabiwa kuwa ya lazima kwa vita, mkonge ukiwemo. Vita vya Korea vikapandisha bei tena, kisha nyuzi za plastiki zikaja kuiangusha.

Wataita, wenyeji wa eneo hilo, hawakukaa kimya. Mwaka 1939 Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi walianzisha Taita Hills Association kudai ardhi yao iliyochukuliwa. Mwaka 1940 serikali ilikipiga marufuku chama hicho kwa kisingizio cha vita, ikawatia viongozi wake kizuizini. Vita vikaisha, ardhi haikurudi; mwaka 1948 ikatangazwa hifadhi ya Tsavo, ambayo leo imemeza zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita Taveta.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina popote, ikaomba radhi. Jiwe la Dartnell lilikuwa limesimama Voi miaka yote hiyo. Basi kama babu wa babu yako alikwenda na Carrier Corps, au alihamishwa Kasigau akafia Malindi, na jina lake bado linatajwa nyumbani kwenu, liandike leo.