Baiskeli za umeme Rubavu: nguvu ya mota, forodha na ruhusa ya njia za miguu

Baiskeli ya umeme ni bidhaa yenye sura mbili. Forodhani inahesabiwa kuwa chombo chenye mota, hata mota hiyo ikiwa ndogo kiasi gani. Kwenye njia za watembea kwa miguu na baiskeli, inaweza kukubaliwa kama baiskeli ya kawaida, au kukataliwa kama pikipiki, kutegemea nguvu na kasi yake. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo kwa ajili ya Rubavu (Gisenyi) bila kujua tofauti hiyo anaweza kulipia kontena zima la baiskeli zisizofaa kwa kazi aliyokusudia.

Soko liko wapi

Rubavu ndiko inakoanzia njia ya Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227. Njia hiyo inafuata Ziwa Kivu kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi. Sehemu zake nyingine ni barabara za vumbi ambazo pikipiki na magari hupita, na nyingine ni vijia vyembamba kati ya mashamba na vijiji. Vilima ni vingi, na hapo ndipo baiskeli ya mlimani yenye mota inapopata wateja: mgeni asiye na mazoezi, au mwongoza watalii anayepanda mlima uleule kila wiki.

Upande wa mizigo, mpaka wa Rubavu na Goma umezoea vyombo visivyo na injini. Chukudu za mbao za Goma na baiskeli za magurudumu matatu za wafanyabiashara wenye ulemavu zimebeba bidhaa kwa miaka mingi. Vyombo hivyo pia vinaweza kufungwa mota.

Wati ngapi zinatosha?

Chukua mwendeshaji na baiskeli vyenye uzito wa kilo 100 kwa pamoja. Kupanda mwinuko wa asilimia 10 kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa kunahitaji takriban wati 270, na kwenye vumbi huongezeka hadi zaidi ya 300. Mtu wa kawaida anaweza kutoa wati 100 kwa miguu yake kwa muda mrefu. Zinazobaki ni wati 200 hadi 230. Kwa hiyo mota ya wati 250 inatosha kwa mtalii mmoja. Anayetaka kubeba magunia ya viazi anahitaji mota kubwa zaidi, lakini hicho ni chombo cha mizigo, si cha njia za miguu.

Upande wa betri, kuinua uzito huo mita 1,000 kwenda juu kunahitaji wati-saa 270 hivi. Ikiwa mwendeshaji anatoa theluthi moja ya kazi, na robo ya umeme inapotea kwenye mota, betri ya wati-saa 500 itapandisha karibu mita 2,000, ikipungua kutokana na matope na mawe. Anayekodisha baiskeli anapaswa kupanga vituo vya chaji kwa kuhesabu mita za kupanda, si kilomita peke yake.

Mipaka inayotumika kwingine

Viwanda vingi hutengeneza baiskeli kwa kufuata vipimo vya masoko makubwa:

- Umoja wa Ulaya: chini ya kanuni namba 168 ya 2013, baiskeli ambayo mota yake haizidi wati 250, inasaidia tu pedali zinapozungushwa, na inakata kwenye kilomita 25 kwa saa, haihesabiwi kuwa pikipiki.
- Uingereza: vipimo ni vilevile kwa wati na kasi. Baiskeli hiyo inaruhusiwa popote baiskeli za kawaida zinaporuhusiwa.
- Marekani: majimbo mengi yana madaraja matatu, yote yakiwa na kikomo cha wati 750. Daraja la 1 ni la pedali hadi kilomita 32 kwa saa. La 2 lina akseleta na kikomo hichohicho. La 3 ni la pedali hadi kilomita 45.

Marekani yenyewe haina jibu moja kuhusu njia zisizo za magari. Kanuni za Wizara ya Mambo ya Ndani za 2020 ziliwaachia wasimamizi wa kila eneo waamue. Idara ya Misitu, katika mwongozo wa 2022, iliendelea kuzihesabu baiskeli za umeme kuwa vyombo vya moto. Hoja za wanaopinga ni za kueleweka: kasi kwenye kona, usalama wa watembea kwa miguu, na njia kuchimbika kutokana na mota zenye nguvu. Akseleta ndiyo huzua ubishi zaidi, kwa kuwa baiskeli inayokwenda bila kukanyaga pedali haina tofauti kubwa na pikipiki machoni pa mkulima anayepishana nayo.

Kwa Rubavu, baiskeli ya wati 250, isiyo na akseleta na inayokata kwenye kilomita 25, ndiyo rahisi kuitetea mbele ya yeyote. Kipimo cha Ulaya hata hivyo si ruhusa ya Rwanda. Ndani ya hifadhi za taifa kama Gishwati-Mukura na Nyungwe, ruhusa iombwe kwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) na wasimamizi wa hifadhi kabla ya kupeleka wageni.

Forodhani

Baiskeli isiyo na mota, pamoja na ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, iko kwenye kichwa 8712 cha orodha ya kimataifa ya ushuru. Ikifungwa mota inahamia 8711. Tangu toleo la 2017, vyombo vya mota ya umeme vina namba yake, 8711.60. Betri ya lithiamu inayokuja peke yake ni 8507.60. Kuandika "baiskeli" tu kwenye ankara ni kukaribisha ucheleweshaji.

Aprili 2021 serikali ya Rwanda ilitangaza nafuu za kodi kwa vyombo vya umeme, betri na vifaa vya chaji. Kwa kuwa nafuu hubadilika kwa bajeti, wakala wa forodha athibitishe na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla ya oda.

Usafirishaji wa betri

Betri za lithiamu ni mzigo wa hatari. Muuzaji atoe hati ya jaribio la UN 38.3. Betri zinazosafirishwa peke yake ni UN 3480, na tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Baiskeli yenye betri ya lithiamu-ioni ndani yake sasa ni UN 3556.

Abiria naye haruhusiwi kusafiri na betri inayozidi wati-saa 160, ilhali za baiskeli nyingi huanzia 400. Mtalii anayetua Kigali hawezi kuja na betri yake kwenye begi. Atakodi hapa.

Kabla ya kulipa oda

- Omba picha ya kibati cha mota kinachoonyesha wati za kudumu, si za kilele.
- Hakikisha kikomo cha kasi hakifunguliwi kirahisi kwa simu.
- Ankara, hati ya betri na kibati vitaje vipimo vilevile.
- Tenganisha oda za njia za miguu na oda za mizigo.
- Kama chombo kitavuka kwenda Goma, thibitisha kwanza taratibu za pande zote mbili za mpaka.