Kahawa, Serikali na Magendo ya Mlima Elgon

Mimi ni mzaliwa wa Bugisu, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Katika insha hii nitaeleza kwa nini mkulima wa zao la kudumu anahitaji bei ya haki kuliko miche ya bure.

Mkulima wa mahindi akipunjwa msimu huu, msimu ujao anaweza kupanda kitu kingine. Mbuni hauko hivyo. Huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo mingi. Aliyeupanda hawezi kuuhama kwa urahisi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1954 wakulima wa Bugisu waliunda chama kikuu cha ushirika ili wauze kahawa yao wenyewe. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 mauzo ya nje yalikuwa mikononi mwa Bodi ya Kahawa ya serikali. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda mno. Mkulima wa Uganda aliambulia sehemu ndogo tu. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, kahawa ileile ililipiwa vizuri zaidi. Basi magunia yakaanza kuvuka usiku hadi Chepkube. Serikali ya Idi Amin ilitishia kuwaua wavushaji, lakini biashara haikukoma. Mpaka leo neno "magendo" linajulikana kwetu hata na wanaodai hawajui Kiswahili.

Babu yangu hakuvusha gunia hata moja, aliogopa askari. Alipalilia migomba tu na kuacha magugu yaifunike mibuni iliyokuwa katikati yake. Nilipomwuliza kwa nini hakuing'oa, alijibu, "Mbuni haukunikosea."

Mwaka 1991 serikali ilianza kulegeza soko na kuunda Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa, na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuirudisha kazi ya Mamlaka hiyo wizarani, baada ya mabishano makali.

Kwa kumalizia, sipingi mkono wa serikali katika kilimo. Miche, utafiti na udhibiti wa ubora ni kazi zake. Lakini historia ya Elgon inaonyesha kwamba bei ikiwa ya dhuluma, mkulima atavuka mpaka au ataliacha shamba lake, na hakuna amri itakayomfanya alipalilie.