Mizani, Taa na Ufunguo

Kila chombo kinachoingia ndani ya nyumba huja na swali ambalo muuzaji halitaji: ni nani atakayekiamuru? Jembe huamriwa na mkono ulioshika mpini. Chungu huamriwa na moto na yule anayeuchochea. Lakini katika miaka ya karibuni vimeingia vyombo ambavyo watengenezaji wake huviita vyombo vyenye akili. Ni taa, vitasa vya milango, luninga, majokofu, hata vitanda, ambavyo ndani yake mna mtambo mdogo unaozungumza na mashine nyingine iliyo mbali kwa njia ya simu au intaneti. Mwenye nyumba hubonyeza, chombo huuliza huko mbali, kisha hutii au hukataa. Nataka kuvitazama vyombo hivyo kwa jicho la historia, na historia nitakayoanza nayo ni ya kwetu Usukuma, kwa sababu sisi wa huku tuliulizwa swali hili miaka mingi iliyopita, tena tukalijibu vizuri.

Chombo kilichotuuliza kilikuwa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Jimbo la Ziwa lilikuwa likilima pamba nyingi, na wanunuzi walikuwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, waliokuwa pia na viwanda vya kuchambulia pamba. Mkulima alipalilia, akachuma, akatenga pamba safi na pamba fifi, akaibeba hadi kituo cha kununulia. Pale alikuta mizani, na nyuma ya mizani karani wa mnunuzi. Karani ndiye aliyesoma namba. Mkulima ambaye hakujua kusoma alipokea alichoambiwa. Aliyejua kusoma naye mara nyingi alisimamishwa upande ambao namba hazionekani. Manung'uniko juu ya mizani yalienea kila palipolimwa pamba.

Sasa tazama walichofanya wazee wale. Hawakuivunja mizani, wala hawakurudi kukadiria mzigo kwa kuunyanyua kwa mkono. Chini ya uongozi wa vijana kama Paul Bomani walijikusanya, na miongoni mwa hatua zao za mwanzo ilikuwa kuweka wapimaji wao wenyewe ili uzito usomwe na macho ya pande zote mbili. Kutoka hapo walijenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao baada ya miaka michache ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Ni kweli kwamba baadaye ushirika nao ulilalamikiwa, na kwamba mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote kabla ya kuvirejesha katika miaka ya 1980. Hilo halifuti somo la mwanzo. Linatukumbusha tu kwamba hata mizani ya nyumbani huhitaji kutazamwa.

Nimeanza na mizani kwa sababu vyombo vingine vya utoto wetu havikuwa na utata huo. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1950 tulisomea koroboi, na waliojaliwa walikuwa na chemli. Mafuta yalipokwisha taa ilizimika, na kila mtu aliona kwa nini imezimika. Redio ya mbao ilipoanza kukoroma tulitoa betri tukazianika juani, nazo zikapata nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika kwa makundi kuisikiliza Redio Tanzania. Redio ile ilipokea sauti kutoka Dar es Salaam, lakini Dar es Salaam haikuweza kuizima. Fundi wa gulioni aliifungua kwa bisibisi, akachomea waya kwa risasi, ikaimba tena. Uharibifu ulikuwapo kila siku, ila ulikuwa uharibifu unaoonekana, na dawa yake ilikuwa karibu.

Chombo cha kwanza kilichotuzoesha jambo jipya kilikuwa mita ya LUKU, iliyoanza kutumika nchini katikati ya miaka ya 1990. Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia: jina lenyewe ni maelezo kamili. Huku vijijini wengi tulikutana nayo baada ya kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, wakati kuunganishiwa umeme kulipotozwa shilingi 27,000. Mita hii inastahili heshima kidogo, kwa kuwa ile ya kawaida haizungumzi na mtu yeyote. Tarakimu 20 tunazozibonyeza ni fumbo la hesabu ambalo mita hulifumbua yenyewe, hata kama minara yote ya simu imelala. Ukishapata namba zako, ufunguo uko mkononi mwako.

Walakini namba hizo lazima zitoke mahali fulani. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, na watu wenye fedha mfukoni na nyaya nzima ukutani walikaa gizani. Tena mwaka 2024 likatokea jambo ambalo mwalimu wa hesabu angelipenda. Mita za aina hii, duniani kote, zilihesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi waliyoitenga mafundi kwa ajili ya hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja, utapata siku 11,650 na ushee, na siku hizo zilikwisha Novemba 24, 2024. Kabla ya hapo ilibidi kila mita ipewe namba za kuibadili, la sivyo ingekataa umeme mpya. Kwa hiyo bibi wa kijijini alibonyeza makundi marefu ya tarakimu ili kusahihisha kikomo kilichowekwa na watu asiowajua, zaidi ya miaka 30 nyuma. Alifanya hivyo kwa subira, akikosea akirudia.

Baada ya LUKU ikaja taa yenye laini ya simu, na hapa ndipo swali la mizani linaporudi wazi kabisa. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza biashara hiyo nchini Kenya. Hapa kwetu Off-Grid Electric na Mobisol zilifanya Arusha kuwa kitovu cha kazi yao. Utaratibu wao ulifanana. Mteja hutoa kianzio, hupewa paneli ya jua, betri, taa kadhaa na kisanduku cha kuviendesha, kisha hulipa kidogo kidogo kwa simu mpaka deni liishe. Kuna visanduku vyenye laini ndani ambavyo hupokea amri kutoka makao makuu, na kuna vingine vinavyosubiri namba za siri zibonyezwe. Malipo yakichelewa, kisanduku hujifunga.

Sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Taa hizi ziliondoa moshi wa koroboi katika nyumba nyingi, na zilimfikia mtu ambaye asingeweza kamwe kulipa bei yote kwa mkupuo. Nyumba ya nyasi iliyokaribiana na utambi wa moto ilipata usalama. Huo ni wema, nasi hatuna budi kuutaja.

Lakini tazama kichekesho kilichomo ndani ya wema huo. Jua la Simiyu halimdai mtu. Linawaka Shishiyu kama linavyowaka Bariadi, paneli inalinywa mchana kutwa, betri inajaa, na jioni nyumba ni giza kwa sababu ruhusa haijafika. Jirani yangu mmoja alilipa kwa wakati, akapata na ujumbe wa kuthibitisha malipo. Mnara wa simu ulikuwa umezimika siku hiyo, amri haikufika, na taa ikajifunga. Alipiga simu ya huduma kwa wateja kutoka kijiji cha pili, sauti ikamwambia abonyeze moja, kisha tatu, kisha asubiri, mpaka salio likamwishia. Siku ya pili alikibeba kisanduku kichwani akapanda nacho juu ya jabali kutafuta mtandao, kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. Binti yake alikuwa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa wiki ileile. Alisoma kwa koroboi ya kuazima. Jirani akaniuliza, "Mwalimu, jua limewaka, betri imejaa, deni nimelipa. Taa inasubiri nini tena?" Jina la kampuni siliandiki, kwa kuwa kasoro hiyo haikuwa ya kampuni moja.

Liko na swali zito kuliko mnara uliolala. Je, mwenye ufunguo akifilisika? Mobisol, kampuni ya Kijerumani yenye makao yake Berlin, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2019, na mwaka huohuo ikachukuliwa na Engie ya Ufaransa. Safari hiyo alipatikana mrithi. Lakini fikiri, msomaji: kisanduku kilibaki ukutani palepale, kwenye msumari uleule, na ufunguo wake ukahama kutoka kwa Wajerumani kwenda kwa Wafaransa bila mwenye nyumba kuamka kitandani.

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya huwapata maskini tu. Marekani kilikuwapo chombo kiitwacho Revolv, cha kuongozea taa na milango ya nyumba, kilichouzwa karibu dola 300 kwa ahadi ya huduma ya maisha. Kampuni ya Nest iliinunua Revolv mwaka 2014, na Mei 15, 2016 mashine za mbali zikazimwa. Vyombo vizima, visivyo na mkwaruzo, vikawa kama matofali. Ikaonekana kwamba maisha yaliyoahidiwa yalikuwa ya kampuni, si ya mteja. Na Oktoba 20, 2025, hitilafu katika mitambo ya Amazon iliyoko jimbo la Virginia iliwakosesha watu usingizi, nami nasema hivyo bila fumbo lolote. Walikuwa na vitanda vya Eight Sleep, vyenye kupoza na kupasha joto magodoro kwa maagizo ya intaneti. Mawasiliano yalipokatika, wengine walibaki wakichemka, na wengine kitanda kiliganda kikiwa kimeinuka, mtu amekaa kama aliye kwenye kiti cha basi. Kitanda cha kamba cha babu yangu kilikuwa na kunguni, nakiri, lakini hakikuwahi kumngoja mtu wa Virginia.

Hapa nchini nako nyumba za mjini zimeanza kujaa kamera zinazotazamwa kwa simu na luninga zisizofanya lolote bila intaneti. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mtu aliyeko ofisini Dar es Salaam alishindwa kuuona mlango wake mwenyewe wa Kimara, kwa kuwa picha yake ilipaswa kuvuka bahari kwanza ndipo irudi. Zamani angemuuliza jirani.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa wazee, na kwamba kila kitu kipya kina matege yake kabla hakijasimama. Sikubali, kwa sababu kasoro ninayoieleza si ya uchanga. Mtandao ukiimarika, kisanduku kitajifunga vizuri zaidi. Kitendo hicho ndicho kilichotengenezewa. Tatizo si kwamba chombo ni kibovu, bali kwamba ni kizima na kinamtii mwingine. Basi dawa yake haiwezi kuwa mnara mrefu zaidi peke yake. Dawa ni ileile ya wapimaji wa pamba: tuione namba upande wetu.

Kwa vitendo, nawashauri wanunuzi waulize maswali matatu kabla ya kutoa kianzio. Kwanza, chombo hiki kitafanya kazi gani siku ambayo mtandao haupo? Pili, ni nani mwingine anayeweza kukifunga, na kwa sababu zipi? Tatu, nikimaliza deni, au wewe muuzaji ukifunga duka, ufunguo utabaki kwa nani? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida ndani ya mkataba, na mteja apewe nakala yake. Nao wanaotunga sheria wangeweza kutuwekea masharti mawili yasiyo magumu. Chombo kilicholipiwa chote kifunguke moja kwa moja na kisiulize ruhusa tena maishani mwake. Na malipo yakishathibitishwa, hitilafu ya mnara isihesabiwe kuwa kosa la mlipaji: taa iendelee kuwaka siku kadhaa mpaka mawasiliano yarudi. Fundi mwenye uwezo wa kukifunga kisanduku kutoka Berlin hawezi kutuambia kwamba jambo hilo limemshinda.

Wazee wa pamba hawakuwa na shahada, na wengi wao hawakujua kusoma kipimo walichokishuku. Walijua tu kwamba mzigo uliowaumiza mabega ulikuwa mwepesi mno ukifika kwa karani. Leo watoto wao wanajua kusoma, tena wanasoma kwenye simu. Wana wepesi wa kupokea chombo kipya kuliko sisi tulivyokuwa, na hilo ni jema. Ningependa tu, kabla ya kukitundika ukutani, wazunguke kwanza upande wa pili wa mizani wakatazame nani amesimama pale.