Kurabu, mgeni asiyebisha hodi Mombasa

KATIKA mitaa ya Mombasa bara kama vile Magogoni, eneo la Kisauni, si ajabu kunguru kuingia jikoni mchana peupe na kutoka na kipande cha samaki kabla mpishi hajageuka.

Ndege huyo, ajulikanaye Pwani kama kurabu, ni kunguru wa Bara Hindi. Ana mwili mweusi na shingo ya kijivu. Asichanganywe na kunguru wa asili, ambaye ni mkubwa kidogo na ana kifua cheupe.

Kurabu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka. Badala yake alizaana na kuenea mwambao mzima, na kufikia mwaka wa 1947 alikuwa ameonekana Mombasa.

Tofauti na ndege wengi, kurabu huishi palipo na watu tu, kwani riziki yake ni mabaki ya chakula. Hivyo basi, penye jaa la taka hapakosi kurabu, na kutoka jaani hadi dirishani ni hatua moja.

Hasara yake si kitoweo pekee. Hunyakua vifaranga na mayai, riziki ya wengi wafugao kuku nyumbani. Hushambulia pia viota vya ndege wadogo wa asili. Kwa kuwa hutua jaani kisha juu ya sufuria, anaweza kusambaza vijidudu vya maradhi ya tumbo. Akiwa na makinda, huwarukia wapita njia vichwani.

Kati ya mwaka wa 1999 na 2005, sumu iitwayo Starlicide ilitumiwa Pwani kupunguza idadi yao. Ilipokosekana, walizaana upya. Mnamo 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja.

Sumu ni kazi ya wataalamu. Mwananchi asiitege mwenyewe, kwani yaweza kudhuru watoto, paka na kuku. Lililo mikononi mwake ni kuweka wavu wa waya madirishani, kufunika chakula na mapipa ya taka, kufungia vifaranga bandani na kutoanika samaki pasipo wavu.

Hata hivyo, nyumba moja haitoshi. Jaa likibaki wazi mtaani, kurabu hataondoka.