Diski Inayokufa Kimya: Ufuatiliaji wa RAID Kwenye Seva za Linux za Vituo vya Umma

Mgonjwa anayesafiri kutoka Maneromango hadi hospitali ya wilaya mjini Kisarawe, au anayefika Tumbi, Kibaha, haoni seva; anaona dirisha la mapokezi. Hata hivyo, pale ambapo kituo kinaendesha mfumo wa kielektroniki, kama vile GoTHOMIS wa TAMISEMI, kwenye mashine iliyomo ndani ya jengo, historia ya matibabu yake na malipo yake vimo katika diski chache tu.

Diski huchakaa. Ndiyo maana seva nyingi hufungwa kadi ya RAID, utaratibu ulioelezwa katika andiko la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililochapishwa mwaka 1988. RAID 1 huandika taarifa zilezile kwenye diski mbili. RAID 5 huhimili kufa kwa diski moja, na RAID 6 mbili.

Uhimilivu huo huzaa hatari yake. Diski ya kwanza ikifa katika RAID 5, mapokezi huendelea na kazi, foleni husogea, na hakuna anayelalamika. Siku ya pili kufa ndipo mfumo mzima husimama. Kadi nayo huionesha Linux diski moja tu, mathalani /dev/sda, na kuzificha zile halisi nyuma yake. Faili la /proc/mdstat halisaidii hapa, kwa kuwa linahusu RAID inayoendeshwa na programu ya Linux yenyewe. King'ora cha kadi hulia ndani ya chumba kilichofungwa, na pengine kilikwishazimwa kwa kuwa kilikera.

Mtaalamu wa TEHAMA hana budi kuiuliza kadi yenyewe. Kadi za Broadcom, zamani LSI, huulizwa kwa programu ya storcli; za Dell kwa perccli; za HPE kwa ssacli. Amri ya "storcli64 /c0/vall show" hutoa hali ya mkusanyiko: "Optl" ni salama, "Dgrd" ni kwamba kinga imepungua. Amri ya "storcli64 /c0/eall/sall show" hutaja kila diski. Dalili za awali, kama sekta zilizohamishwa, husomwa kwa "smartctl -a -d megaraid,N /dev/sda", ambapo N ni namba iliyo kwenye safu ya DID, wala si namba ya tundu. Kosa hilo ni la kawaida mno.

Ukaguzi huu uwekwe kwenye cron, ujirudie kila baada ya dakika chache, na kila hali isiyo "Optl" itume ujumbe kwa zaidi ya mtu mmoja. Kukosekana kwa jibu kutoka kwenye kadi nako kuhesabiwe kuwa hitilafu; hati ya ukaguzi iliyokufa hufanana kabisa na seva yenye afya. Betri ya kadi ikaguliwe pia, hasa panapokatika umeme mara kwa mara.

Kabla ya kubadilisha diski, nakala rudufu ihakikiwe, kwani RAID si mbadala wake: rekodi iliyofutwa kimakosa hufutika kwenye diski zote papo hapo. Taa ya diski husika iwashwe kwa amri ya "start locate", maana kuchomoa iliyo nzima katika RAID 5 iliyokwishapoteza moja husimamisha kila kitu. Ujenzi upya huchukua saa nyingi na huzisoma diski zilizosalia mwanzo hadi mwisho, hivyo udhaifu uliojificha hujitokeza wakati huo. Diski ya akiba, yenye ukubwa usiopungua ile ya awali, iwepo kituoni tayari badala ya kusubiri ununuzi.

Diski iliyotolewa bado ina taarifa za wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu. Isirudishwe kwa muuzaji wala kuachwa stoo kabla ya kufutwa au kuharibiwa, na tendo hilo liandikwe.